Pale Chaki Inapogota: Teknolojia Ndani ya Kipindi cha Dakika 40

Mhadhara uliotolewa mbele ya walimu wa shule za msingi, Mbeya

Ndugu maafisa elimu kata, walimu wakuu, walimu wa taaluma, na walimu wote mliofika kutoka Rungwe, Kyela, Mbozi, Mbarali, Makete na hata Mufindi: kamwene, mwagonile, na waliotutangulia shikamooni.

Wengi wenu mna kishikwambi, kile kilichotumika katika Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2022 kisha Serikali ikavigawa kwa walimu. Kila mmoja ana simu. Shule chache zina projekta. Vifaa si haba, lakini katika kipindi chenyewe, pale mtoto wa darasa la nne anapokaa mbele yako, mara nyingi kifaa kinaishia kuonyesha maandishi yaleyale ambayo chaki ingeyaandika, na kwa herufi ndogo zaidi. Hapo hatujaongeza kitu. Tumempa mtoto ubao mdogo wenye mwanga.

Kwa hiyo andalio la somo lianze na swali moja kabla hujagusa kifaa: katika mada hii, ni kipi hasa ambacho chaki haiwezi kukionyesha? Kama hakipo, acha kishikwambi kabatini na ufundishe. Kama kipo, kitaje kwa sentensi moja. Utakuta ni jambo linalokwenda polepole mno, kama mbegu kuota. Au dogo mno, kama ukungu juu ya mkate. Au lililo mbali, au ni sauti. Kifaa kipewe dakika saba au nane kati ya 40, hapo tu penye ugumu. Zinazobaki ni za mazungumzo, daftari na mikono ya watoto.

Na kabla hujabonyeza kitufe, watoto wabashiri. Waandike kwenye daftari wanachofikiri kitatokea, mstari mmoja. Mtoto aliyekwisha kuandika ubashiri anaangalia picha kwa macho mengine, kwa sababu anatafuta kama amepata au amekosa. Asiyeandika anaangalia kama anavyoangalia televisheni.

Nianze na somo la sayansi ambalo sisi wa nyanda za juu tunaweza kulifundisha vizuri kuliko mtu yeyote wa pwani. Vitabu vinasema maji huchemka kwenye nyuzijoto 100. Ni kweli, usawa wa bahari. Kila ukipanda mita 300 hivi, kiwango hicho hushuka kwa nyuzi moja, kwa sababu hewa inayoyakandamiza maji inapungua. Kyela, kandokando ya Ziwa Nyasa, tuko mita 500 hivi: maji huchemka karibu na nyuzi 98. Hapa mjini Mbeya, mita 1,700 hivi, ni nyuzi 94. Ukipanda hadi uwanda wa Kitulo, kule Makete mkoani Njombe, mita 2,600, ni nyuzi 91. Tofauti ya nyuzi saba ndani ya mkoa na jirani yake! Mtoto wa Makete anajua kwamba maharage ya kwao yanakaa sana jikoni. Hajui kwamba sababu yake ni kwamba maji yake yanachemka yakiwa na joto dogo zaidi, na kuongeza kuni hakuyapandishi hata nyuzi moja.

Teknolojia hapa ni kipimajoto cha dijitali chenye kijiti cha chuma, kinachopima hadi nyuzi 110 au zaidi, pamoja na simu. Tafadhali sana, kisiwe kipimajoto cha zahanati cha kupima homa. Kile cha kioo mwisho wake ni nyuzi 42; ukikitia kwenye maji ya moto kitapasuka, na kama ni cha zebaki umemwaga sumu mbele ya watoto.

Kabla ya siku ya somo, kikague kipimajoto chako. Pondaponda barafu, jaza kikombe, ongeza maji kidogo, koroga, tia kijiti, subiri dakika mbili. Kisome sifuri. Kikisoma 1, basi kila namba utakayopata baadaye uipunguze kwa 1. Siku yenyewe weka lita moja ya maji safi yasiyo na chumvi kwenye sufuria, maana chumvi hupandisha kiwango cha kuchemka. Kijiti kisiguse kitako cha sufuria, kikae sentimita tatu juu yake, la sivyo unapima joto la chuma. Soma pale maji yanapotokota kwa nguvu na namba imekaa palepale dakika mbili. Watoto wasimame mita mbili kutoka kwenye jiko, na sufuria aishike mwalimu peke yake.

Sasa simu. Mnakubaliana shule tatu, moja ya Kyela, moja ya Mbeya, moja ya juu huko kuelekea Kitulo, kwamba saa nne na dakika 20 asubuhi kila mmoja atakuwa amepata namba yake. Mnapigiana, simu ikiwa imechomekwa kwenye spika kwa waya. Mtoto wa Kyela anaisoma namba yake, darasa zima la Makete linaisikia na kuiandika. Mnapata jedwali la safu mbili, kimo na joto, na watoto wanachora nukta tatu kwenye karatasi ya mraba. Nukta zinakaribia kukaa kwenye mstari mmoja. Kisha waulize: Tukuyu itakuwa wapi kwenye mstari huu? Simu ya kawaida ya vitufe inatosha kwa kazi hii, wala hakuna bando linalohitajika. Linaloharibu ni mambo mawili: mtandao kutokuwepo ndani ya darasa, kwa hiyo tafuta siku moja kabla ni dirisha gani lina mawimbi, na namba za shule moja kupishana sana na matarajio, ambako karibu kila mara kosa ni kijiti kugusa sufuria au maji kusomwa kabla hayajachemka barabara. Msiifiche namba iliyokosewa. Watoto wakilitafuta kosa, wamefanya sayansi kuliko kama namba ingekuwa sahihi.

Mbegu kuota ni mada nyingine ambayo chaki inaionea. Tunachora maharage hatua nne ubaoni na mtoto anafikiri mbegu inaruka kutoka hatua moja hadi nyingine. Chukua simu ya zamani ambayo kioo chake kimepasuka lakini kamera ni nzima. Bilauri ya kioo, karatasi ya chooni iliyoloweshwa, maharage mawili yakae kati ya karatasi na kioo ili yaonekane. Simu ilazwe ubavu, ishikiliwe na matofali mawili, sentimita 20 kutoka kwenye bilauri, iwe kwenye chaji muda wote. Programu ya kupiga picha kwa vipindi iweke ipige kila baada ya dakika 30. Kwa siku sita unapata picha 288. Zikichezwa 12 kwa sekunde, ni video ya sekunde 24.

Kule Njombe na Makete, hasa Juni na Julai, maharage hayana haraka hiyo. Weka siku 12 na upige picha kila saa moja. Bado ni picha 288 na sekunde 24 zilezile. Afadhali pia bilauri ikae chumba chenye joto, hata kama ni jikoni kwa mpishi wa uji, mbali na moshi.

Kinachovuruga kazi hii kwa kawaida ni mwanga. Mchana jua linaingia dirishani, usiku giza, na video inamemetuka. Iweke ndani ya boksi la karatasi za A4 lililokatwa upande mmoja, na tochi ndogo au taa ya LED isiyo na joto kali iwake humo usiku na mchana. La pili ni kamera kujitafutia upya mahali pa kukazia: gusa kioo juu ya mbegu na ushikilie mpaka ijifunge hapo. La tatu ni mtu kuihamisha simu. Bandika karatasi: USIGUSE, DARASA LA TATU LINATAZAMA MBEGU. Na watoto waendelee kuichora mbegu halisi kila asubuhi kwa penseli, kwa kuwa video bila mchoro wao wenyewe inapita tu.

Kuhusu vitu vidogo. Hadubini ya maabara ni ghali, lakini tochi ya leza ya kuchezea, ile ndogo inayouzwa sokoni, ina lenzi ya plastiki ya upana wa milimita chache tu. Toa betri kwanza, fungua kichwa, itoe lenzi. Ibane kwenye pini ya nywele, kisha ibandike kwa selotepu juu ya kamera ya simu, katikati kabisa. Picha ikiwa na ukungu pembeni na katikati pia, geuza lenzi upande wa pili. Kitu unachokitazama kikae karibu sana, chini ya sentimita moja, kwa hiyo mkono hauwezi kukaa imara: simu ilazwe juu ya vitabu viwili na kitu kiwe chini yake juu ya rula ya plastiki inayopitisha mwanga, tochi ya kawaida, si ya leza, ikimulika kutoka chini. Fukusi wa mahindi anaonekana hadi mdomo wake mrefu anaotobolea punje. Uzi wa kanga unaonekana kama kamba iliyosokotwa. Mtoto ambaye nyumbani kwao wamepoteza debe zima la mahindi kwa fukusi hatasahau.

Tuje kwenye hesabu ya kishikwambi na darasa la watoto 80, maana hapa ndipo maandalio mengi mazuri yanapofia. Kishikwambi kimoja kinaonekana vizuri na watoto sita, si zaidi. Watoto 80 ni vikundi 14. Ukimpa kila kundi dakika tano, unahitaji dakika 70, na kipindi ni 40. Walimu wengi wanapoliona hili wanakiinua kishikwambi juu mbele ya darasa na kuzunguka nacho. Mtoto wa nyuma anaona mng'ao tu. Njia ni kuazimana. Walimu watatu mkiviweka pamoja vishikwambi vitatu vyenye faili lilelile, vikundi 14 vinakuwa zamu tano za dakika tano, yaani dakika 25, ingawa kila mtoto anatazama tano tu. Zinabaki 15 za kubashiri mwanzoni na kujadili mwishoni. Vikundi vinavyosubiri viwe na kazi halisi daftarini, kazi ambayo jibu lake linahitajika watakapofika kwenye kishikwambi. Wakisubiri bure, kelele ndiyo itakayofundisha.

Maandalizi ya kishikwambi yafanyike jana yake. Mwanga wa kioo uwe wa juu kabisa. Muda wa kioo kujizima uwe dakika 30. Weka hali ya ndegeni ili ujumbe wa harusi usidondoke katikati ya somo. Betri isiwe chini ya asilimia 80. Kisha, ukiwa bado katika hali ya ndegeni, fungua kila faili na ulicheze hadi mwisho. Hili la mwisho ndilo muhimu kupita yote. Faili nyingi tunazodhani tunazo ziko mtandaoni, na tulichonacho ni picha yake ndogo tu. Bila mtandao inazunguka, inazunguka, na dakika zako saba zimekwisha. Video iliyotumwa kwa WhatsApp kama video hubanwa na kufifia. Itume kama waraka ndipo inafika kama ilivyo. Na ukipata sauti lakini picha ni nyeusi, kifaa hakijaharibika. Video imebanwa kwa mtindo mpya ambao kifaa cha zamani hakiusomi; ibadilishe kwenye kompyuta iwe MP4 ya mtindo wa H.264.

Pia kioo kisielekezwe dirishani. Chukua lile boksi la karatasi, lilaze ubavu, kishikwambi kikae ndani kama mtu barazani. Kivuli hicho kinasaidia kuliko kitu chochote cha kununua.

Walio na projekta, sikilizeni vizuri kuhusu mwanga, kwa kuwa wengi mmeuziwa ahadi. Nguvu ya projekta hupimwa kwa lumeni. Ile yenye lumeni 3,000 za kweli, ukitandaza picha ya mita 2 kwa mita 1.5, umeugawa mwanga huo kwa mita za mraba 3, unabaki na 1,000 kwa kila mita ya mraba. Darasa lenye madirisha wazi mchana lina mwanga wake wa 300 hadi 500 ukutani. Picha inaonekana, lakini rangi zimepauka na kijani kinafanana na bluu. Punguza picha iwe mita 1.2 kwa sentimita 90: sasa eneo ni kama mita moja ya mraba na mwanga unakaribia 2,800. Picha imekuwa ndogo lakini inang'aa, na watoto wanaiona. Sasa zile projekta ndogo za kushika mkononi, boksi limeandikwa lumeni elfu kadhaa, nyingi hutoa 100 au 200 tu zikipimwa kwa ANSI, yaani kipimo sanifu cha mwanga wa projekta. Gawa 150 kwa mita za mraba 3 unapata 50. Mchana haitaonekana kabisa. Kabla shule haijatoa hela, mwulize muuzaji lumeni za ANSI ni ngapi, na umwambie aiwashe mchana dukani mlango ukiwa wazi.

Si lazima picha iwe kwenye ukuta wa mbele. Tafuta kona yenye giza kuliko zote, mara nyingi ni upande wa madirisha wenyewe, katikati ya dirisha na dirisha, kwa sababu mwanga wa nje hauugongi ukuta huo moja kwa moja. Paka hapo chokaa nyeupe isiyong'aa. Dirisha la ng'ambo litundikwe blanketi la kijivu kwa hizo dakika nane, kisha litolewe watoto wapate hewa.

Na herufi. Mtoto aliye mita nane anahitaji herufi yenye kimo cha sentimita nne ili asome bila kukaza macho. Kanuni ni kugawa umbali kwa 200. Kwa picha ya kimo cha sentimita 90, ukiacha nafasi ya kutosha kati ya mistari, hiyo maana yake ni mistari isiyozidi minane. Ukurasa mzima wa kitabu ukiupiga picha na kuutupa ukutani, umeonyesha wadudu. Kata sehemu moja, mchoro mmoja, ukuze.

Projekta za taa ya zamani zina adui mmoja: umeme kukatika ghafla. Taa ni ya moto sana na feni imesimama, joto linabaki ndani na taa inapasuka au inachoka mapema. Ukikatika, usiiguse wala usiiwashe mara umeme unaporudi. Subiri dakika 15. Za LED hazina shida hiyo na zinakula umeme kidogo, kwa hiyo kwa shule zetu ndizo ninazozipendekeza, hata kama ni za mwanga wa kiasi.

Shule zisizo na umeme wa TANESCO zifanye hesabu hii. Projekta ya LED wati 60, kompyuta mpakato 40, spika 10: jumla 110. Kwa saa mbili kwa siku, vipindi vyote vikijumlishwa, ni wati-saa 220. Inveta, kifaa kinachobadili umeme wa betri uwe kama wa ukutani, nayo inakula, weka 260. Betri ya voti 12 na ampea-saa 100 ina wati-saa 1,200, lakini betri ya asidi usiitumie kupita nusu, kwa hiyo una 600, yaani siku mbili bila jua. Paneli: msimu wa mvua hesabu saa tatu tu za jua zuri, toa asilimia 30 inayopotea njiani, unapata wati 124, nunua ya 150. Kule Tukuyu ambako mvua huzidi milimita 2,000 kwa mwaka, weka mbili. Paneli itazame kaskazini, kwa kuwa sisi tuko kusini mwa ikweta, ikiinama nyuzi 10 hadi 15 ili mvua iioshe vumbi.

Tatizo linaloitwa "inveta mbovu" mara nyingi ni waya mwembamba. Kwa voti 12, mzigo huo unavuta ampea 11 hivi. Waya mwembamba na mrefu unakula voti njiani, inveta inaona betri kama imekwisha, inalia na kujizima wakati betri imejaa. Waya kati ya betri na inveta uwe wa milimita za mraba 6 na usizidi mita moja.

Radi za huku kwetu mnazijua. Wingu likianza kunguruma, chomoa plagi ukutani. Kuzima swichi hakutoshi, mshtuko wa radi unaruka pengo la swichi.

Na baridi. Kifaa kilicholala stoo ya Makete usiku wa Julai, ukikileta moja kwa moja kwenye darasa lenye pumzi za watoto 60, lenzi inalowa na ndani pia. Kiache ndani ya mfuko wake uliofungwa kwa dakika 30 ndipo ukitoe. Betri ya simu au kishikwambi usiichaji ikiwa ni baridi ya kuganda; ipashe joto la chumba kwanza, la sivyo inaharibika kidogokidogo bila wewe kuona.

Sauti sasa. Spika ndogo ikiwekwa sakafuni mbele, dawati la kwanza linaimeza sauti yote. Iweke ubavuni mwa darasa, katikati ya urefu wake, juu ya kimo cha kichwa cha mtoto aliyekaa. Ukuta mtupu wa saruji unarudisha mwangwi, na ukiongeza sauti mwangwi nao unaongezeka. Afadhali spika isogee karibu na watoto, sauti ipunguzwe. Na mvua ikipiga bati, hakuna spika ya wati 10 itakayosikika. Kuanzia Desemba hadi Aprili, vipindi vya kusikiliza viwekwe asubuhi, maana mvua zetu hupenda mchana, na uwe na kazi mbadala isiyo na sauti.

Matumizi bora kabisa ya sauti kwa darasa la kwanza na la pili, katika Kusoma, Kuandika na Kuhesabu, si kuwachezea watoto sauti za wengine. Ni kurekodi zao. Mtoto mmoja, kifungu kimoja, dakika moja, chini ya mti mbali na darasa, simu ikiwa sentimita 20 kutoka mdomoni na pembeni kidogo ili pumzi isivume. Faili moja ni kama nusu megabaiti. Watoto 80 ni megabaiti 40, hakuna simu itakayoshindwa. Ipe jina kwa darasa, namba ya mtoto kwenye mahudhurio na tarehe. Jioni sikiliza: maneno aliyosoma yote, toa aliyokosea. Amesoma 52, amekosa 7, ana 45 sahihi kwa dakika. Baada ya wiki sita rekodi tena kifungu cha ugumu uleule. Halafu mchezee mtoto rekodi mbili. Yule anayesema "kurara" mahali pa "kulala" umemsahihisha mara kumi hasikii. Akijisikia mwenyewe, anacheka, anajirekebisha. Hiki ni kitu ambacho kabla ya simu mwalimu hakuwa nacho kabisa.

Rekodi hizo na picha za watoto zibaki shuleni. Zisipelekwe kwenye kundi la WhatsApp la wazazi wala la walimu, hata kama mtoto amesoma vizuri. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na zaidi ya sheria, mtoto anayesoma kwa shida ana haki ya kusoma kwa shida bila kijiji kizima kumsikia.

Kuhusu maudhui nitapita haraka. Maktaba Mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania ina vitabu vya kiada. Vipakue siku una bando, visambaze kwa memori kadi. Kwa shule yenye kompyuta kadhaa, kompyuta ndogo ya Raspberry Pi yenye programu ya Kolibri au Kiwix inatoa masomo na Wikipedia ya Kiswahili kwa waifai ya ndani, bila intaneti. Waifai yake yenyewe inalemewa vifaa vikizidi, kwa hiyo iunganishe na ruta. Na izimwe kwa amri, usichomoe waya tu: memori kadi ikikatwa umeme ikiwa inaandika, inaharibika na kazi yote inapotea. Weka nakala ya kadi hiyo kwa mwalimu mkuu.

Yako masomo ambayo ningeomba teknolojia isiyaguse mapema. Sehemu ni mojawapo. Mtoto anasema robo ni kubwa kuliko theluthi kwa kuwa 4 ni kubwa kuliko 3. Kuna programu nzuri, GeoGebra inafanya kazi bila mtandao, na kigae kinagawanyika kwa kidole. Lakini mtoto anayekunja karatasi ipate sehemu tatu sawa, na nyingine ya ukubwa uleule ipate sehemu nne sawa, na kuzilinganisha kwa mikono yake, anaelewa kwa karatasi ya shilingi chache. Kioo kije kesho yake, kwa ajili ya sehemu kama moja ya saba, ambazo karatasi haikunjiki vizuri.

Baada ya chai tutafanya kwa vitendo. Projekta iko mezani na madirisha tutayaacha wazi makusudi. Kikundi cha kwanza kitatafuta ukuta unaofaa na kupima herufi kutoka dawati la nyuma. Kikundi cha pili kina tochi za leza, pini za nywele na kikombe cha mahindi yenye fukusi. Cha tatu, sufuria na barafu viko nje kwa mpishi. Kipimajoto kimoja kati ya vitatu vilivyopo kinasoma kwa makosa, mkitafute ni kipi kabla maji hayajachemka.